Shajara ya mradi: kuinua GX ya 1996 inayoshusha viungo kutoka Amani

6 Januari 2024: Gari lenyewe

Ni Toyota Land Cruiser ya 1996, ile tunayoiita GX. Injini 1HZ ya dizeli, silinda 6, lita 4.2, hausingi nzima mbele na nyuma (mhimili mmoja wa chuma unaobeba tairi za pande zote mbili), springi za koili pande zote nne. Viti vya nyuma nilishavitoa zamani. Kazi yake ni moja: Ijumaa napanda milimani Amani na magunia matupu, Jumamosi nashuka na pilipili manga, iliki na mdalasini hadi Muheza, halafu lami mpaka stoo kwangu Ngamiani, Tanga. Kupanda tupu, kushuka na mzigo. Jambo hilo nililijua kuliko mtu yeyote, na bado nililisahau siku ya kununua springi.

Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zimeiacha barabara ya juu ya Zigi, chini ya Amani, mifereji mitupu na mawe. Safari tatu zilizopita nyuma imelala na kila shimo linagonga mpaka meno yanalia. Leo nimelala chini ya gari kutazama. Mipira ya stopa, ile inayokaa kwenye chesisi juu ya hausingi, imeng'aa kama soli ya ndala iliyokwisha. Mmoja una ufa unaoingia kidole.

Naandika kwa sababu kila niliyemwuliza amenijibu kwa inchi. "Weka mbili." "Weka nne, dada, gari lipendeze." Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza nabeba kilo ngapi.

13 Januari: Mipira ya kuongezea (shilingi 130,000 zimekwenda)

Nilianza na rahisi. Fundi wa kwanza alinichongea mipira minene ya kuweka juu ya koili za nyuma, 90,000, na 40,000 ya kufunga. Gari tupu likainuka milimita 30 nikarudi nyumbani natabasamu.

Jumamosi na magunia 8 ndani, bado linagonga. Mpira ule hauipi springi nguvu yoyote, unahamisha tu mahali inapoanzia kuminywa. Halafu kukawa na kelele mpya: tairi ikidondokea shimoni, shokapu inafika mwisho wa urefu wake na kuvuta, "kah!", kama mtu anayefungua mlango uliokwama. Shokapu ni za urefu uleule wa kiwandani, nami nimeliongezea gari kimo. Nimeitoa mipira yote. Mmoja sasa unazuia mlango wa stoo.

20 Januari: Mizani na futi kamba

Sasa nipo kwa mzee mmoja wa barabara ya 8, aliyefunga Land Cruiser za mashamba ya mkonge tangu mimi nasoma msingi. Neno lake la kwanza: "Mwanangu, kwanza kalipime." Nikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wenye mizani ya magari. Wananipimia mbele peke yake, nyuma peke yake, kwa soda mbili.

Tupu, bila mtu: mbele kilo 1,130, nyuma 1,080, jumla 2,210. Na magunia 8 ya pilipili manga ya kilo 60, mimi, kijana wangu na mazagazaga ya kwenye keria: mbele 1,190, nyuma 1,710, jumla 2,900. Kwa hiyo mzigo wangu karibu wote unakaa nyuma: kilo 630 nyuma, 60 tu mbele. Mzee akanipeleka kwenye kibati cha gari kuona uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Akasema springi mpya haibadilishi namba hiyo, kwa sababu beringi, hausingi na breki ni zilezile. Baki hapo hapo, usiongeze gunia la tisa kwa kuwa gari limesimama vizuri. Sawa.

Kisha kimo, kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi. Nyuma tupu milimita 500, na mzigo 405. Limeshuka 95. Kila upande unabeba nusu ya 630, yaani 315. Nikagawa 315 kwa 95 nikapata kilo 3.3 kwa kila milimita, nikaiandika kwa wino kama nguvu ya springi zangu.

Ni namba ya uongo, na imenichukua siku mbili kugundua. Kwenye 405 gari lilikuwa tayari limekalia stopa, na sehemu ya mzigo ilibebwa na mpira. Nikarudia na magunia 5 peke yake, kilo 300, stopa ikiwa huru: limeshuka 54. Yaani 150 kwa 54, kilo 2.8. Hiyo ndiyo nguvu halisi ya koili zenye miaka 27. Anayetaka kupima lake asipime likiwa limefika chini.

3 Februari: Seti nzito

Nikajifanya mhandisi. Nilitaka lishuke milimita 60 tu likiwa na mzigo. 315 kwa 60 ni 5.25. Duka moja la Nairobi lilikuwa na koili za nyuma za kilo 5.4, za gari lenye mzigo wa kudumu, nikaona mwezi umenidondokea kiganjani. Muuzaji akasema seti haikatwi: koili za mbele nzito na shokapu 4 ndefu zinakuja pamoja. Jumla 2,350,000 pamoja na usafiri na mambo ya mpakani Horohoro. Ukizitenga, koili ni 1,200,000 na shokapu 1,150,000.

Kufunga kulichukua siku moja. Kilichotuchelewesha ni pini ya chini ya shokapu ya nyuma kulia, chumvi ya pwani imeila mpaka nati na bolti vimekuwa kitu kimoja. Grinda. Mzee alipoliweka gari kwenye stendi tairi zikining'inia, akaniita niangalie mpira wa breki wa katikati, ule unaotoka kwenye chesisi kwenda kwenye hausingi ya nyuma. Umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Tukasimamisha kazi mpaka tulipopata mrefu zaidi, 85,000. Mpira huo ukikatika kwenye mteremko wa Amani hutaandika shajara.

17 Februari: Seti nzito imeshindwa

Na mzigo gari ni zuri. Limeshuka 58, karibu sawa na hesabu. Lakini mimi na mzigo tunakutana safari moja kati ya mbili.

Tupu, nyuma imesimama kwenye 590, milimita 90 juu ya kimo cha zamani, pua imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Kupanda kutoka Zigi kwenye tope, tairi za nyuma zinaruka badala ya kukanyaga. Kona ya tatu gari liliteleza kiubavu taratibu mpaka kwenye mfereji, tukalitoa kwa jembe na vijana wawili wa kijijini. Kijana wangu alipanda na trei moja ya mayai ya shangazi yake. Yalifika 11.

Mbele nako ni balaa. Zile koili nzito za mbele ni za gari lenye bampa la chuma na winchi. Langu halina hata kimoja, na mizani ilishaniambia mzigo unaongeza mbele kilo 60 tu. Mbele imepanda 75 kwa bure na usukani umekuwa mwepesi kwa namna inayotisha.

Mzee hakunicheka. Aliuliza tu, "Mzigo wa kudumu uko wapi hapo?"

Koili zote 4 nimeziuza kwa jamaa wa Pongwe ambaye gari lake lina tangi la maji nyuma siku zote, 700,000. Kwake ni sahihi kabisa. Shokapu nimebaki nazo, urefu wake unafaa.

9 Machi: Koili za kati na mifuko ya hewa

Hesabu mpya imeanzia kwenye gari tupu, kwa sababu ndiko linakoanzia safari. Nyuma nimechukua koili za kilo 3.9, zinazolisimamisha tupu kwenye 550, nyongeza ya 50. Mbele koili za kati za gari lisilo na bampa la chuma, nyongeza ya 45. Jozi zote mbili 1,200,000, ufundi 150,000 tena, sawa na mara ya kwanza.

Koili hizo peke yake na kilo 315 kila upande zingeshuka 81. Hapo ndipo mifuko ya hewa inaingia: mifuko ya mpira inayokaa ndani ya koili, unajaza upepo kwa pampu ya tairi ukiwa na mzigo, unatoa ukiwa tupu. Jozi 560,000. Mzee hakuipenda. Kwake kitu chenye upepo ni tairi tu. Nikamfanyia hesabu kwa chaki kwenye mlango wa gereji: mfuko una upana wa milimita 100, eneo lake sentimita za mraba 78. Ukiutia psi 22, kipimo kilekile cha upepo wa tairi, ni karibu kilo 1.55 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo mfuko mmoja unabeba kilo 120. Koili inabakiwa na 195. Gawa kwa 3.9, ni milimita 50.

Tulipopakia, nyuma ikasimama kwenye 502. Mzee akaitazama futi kamba, akaitazama chaki, akaenda kunywa kahawa yake bila neno. Mfungo unaanza wiki hii, nadhani alikuwa anaiaga.

Tahadhari iliyokuja na mifuko: hata gari likiwa tupu usiiache bila upepo kabisa, bakiza psi 5, la sivyo mpira unajikunja na kubanwa na koili.

30 Machi: Kosa la mrija mmoja

Mifuko miwili tuliiunganisha kwa mrija mmoja wenye njia tatu, ili nijaze sehemu moja. Rahisi, na makosa. Kwenye kona za kushuka mzigo unaegemea upande wa nje, mfuko wa nje unaminywa, na upepo wake unakimbilia wa ndani. Wa nje unalegea wakati hasa unaohitajika, wa ndani unavimba na kulisukuma gari lizidi kulala. Nilishuka kuanzia Amani mpaka Zigi kwa gia ya kwanza kama nimebeba maiti.

Tiba ni 15,000: kila mfuko na valvu yake, tumezifunga nyuma ya bampa. Wakati tunatoa mrija wa zamani tukaona umepita vidole vitatu kutoka kwenye bomba la moshi na umeanza kulainika. Mpya umepita juu ya chesisi, upande wa pili.

20 Aprili: Usukani unatangatanga

Baada ya Idi nimelirudia lile la mbele. Kwenye lami ya Muheza, kilomita 80 kwa saa, gari linatangatanga. Unalinyoosha, linakwenda linakotaka, na baada ya kona usukani haurudi wenyewe.

Hiyo ni kasta, yaani kiasi ambacho mhimili wa kugeuzia tairi umelala kwenda nyuma. Kwenye gari hili hausingi ya mbele inashikwa na mikono miwili inayoelekea nyuma hadi kwenye chesisi. Chesisi ikipanda, mikono inainama, na hausingi inazunguka pamoja nayo, kasta inapungua. Kabla ya mradi niliwahi kupima alaimenti, yaani mkao wa tairi, nikatunza karatasi: nyuzi 3.1. Sasa inasoma 1.2.

Dawa ni bushi za kasta, mipira ya kwenye maungio ambayo tundu lake halipo katikati. Zinaingia kwenye mikono upande wa hausingi na kuirudisha hausingi nyuma. Seti 180,000. Mzee hana presi, kwa hiyo nilipeleka mikono kwa karakana nyingine ya kugandamiza, 30,000. Nikaifunga, nikalipeleka alaimenti: kasi ya 40 tu nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi. Karatasi ikasoma nyuzi 0.9 chini ya sifuri.

Zimeingia kichwa chini. Kila bushi ina mshale, na aliyegandamiza aliutazama mshale kama urembo. Nikalipa 30,000 nyingine, safari hii nimesimama pale pale mbele ya presi na rangi nyeupe, nimechora mstari kwenye mkono na mstari kwenye bushi, havikutani hagandamizi. Alaimenti ya tatu: 3.2. Kila kipimo kimoja ni 35,000. Usukani sasa unarudi wenyewe kama mbuzi anayejua kwao.

Kwa kuwa tulikuwa na futi mkononi, tulipima pia kama hausingi ya nyuma imesogea pembeni kwa ajili ya mkono wa mshazari, ule unaoishika hausingi na chesisi isiyumbe, maana chesisi ikipanda unaivuta. Imesogea milimita 7. Nimeiacha.

11 Mei: Breki, na hili ndilo la kusoma hata ukiruka mengine

Nilidhani nimemaliza. Masika bado yapo, nimeshuka na magunia 8 pole pole, gia ya pili, breki kidogo kidogo. Karibu na Zigi nikasikia harufu. Pua ya gari inazama kila nikikanyaga. Nikasimama, kijana akamwaga maji ya chupa kwenye rimu: mbele yakachemka na kupotea, nyuma yakatiririka tu. Nikagusa rimu ya nyuma kwa kiganja. Vuguvugu, kama kikombe kilichosahaulika.

Breki za nyuma zilikuwa hazifanyi kazi yoyote ya maana. Tumekaa chini ya mwembe nusu saa mbele zipoe.

Mzee alilala chini ya gari akaniita nami nilale. Kuna valvu kwenye chesisi inayogawa presha ya breki za nyuma, ina fimbo inayoshuka hadi kwenye hausingi. Gari likipakiwa, chesisi inashuka, fimbo inasukumwa juu, na valvu inaelewa kuna mzigo, inafungulia presha zaidi nyuma. Likiwa tupu inabana, ili tairi za nyuma zisifunge na gari kuzunguka. Sasa rudi kwenye namba zangu nilizojisifia: kabla ya mradi, gari tupu 500. Leo, na kilo 630 nyuma, 502. Valvu haijui kilo. Inajua kimo tu, na kwa kimo hicho mimi nimekuwa tupu tangu Machi. Kila safari.

Nilinyamaza kidogo pale chini.

Hatua ya kwanza: kipande cha chuma cha kuinua mguu wa fimbo pale hausingi kwa milimita 50, sawa na kimo nilichoongeza. Kimechongwa kwa 40,000. Kwa gari tupu hapo tumerudi kiwandani. Lakini kwa gari lenye mzigo bado, kwa sababu mifuko ya hewa inalizuia kushuka 95, linashuka karibu 50 tu, na valvu itaona nusu ya mzigo. Mzee akakataa kubahatisha. Kitabu cha matengenezo kinataka ekseli ya nyuma iwe na uzito uliopimwa, halafu usome presha ya mafuta ya breki mbele na nyuma kwa geji mbili kwa pamoja. Geji hatuna. Mpaka tupate, nabeba magunia 4, mifuko ya hewa kwenye psi 5, ili gari lishuke lenyewe na valvu ione.

15 Juni: Geji, na gharama

Geji mbili tumezikodi kwenye gereji ya mabasi, 20,000, mafuta ya breki 24,000. Tulipakia magunia 8 palepale kwenye mizani ya chuma chakavu, mtu mmoja kanyagioni, wawili chini. Tulihitaji kuipandisha fimbo milimita 12 zaidi. Kisha tukashusha magunia yote na kujaribu tupu kwenye changarawe isiyo na watu, mwendo mdogo, nakanyaga kwa nguvu: mbele zinafunga kwanza, gari linakwenda moja kwa moja. Tulipoongeza 12 nyingine kwa majaribio, nyuma ikafunga kwanza na mkia ukachepuka. Tukarudi kwenye 12 na kufunga nati mbili.

Safari ya jana na mzigo kamili: Zigi nimemwaga maji tena. Yamechemka mbele, na nyuma yametoa mvuke. Sijawahi kufurahia mvuke namna hii.

Kwenye mti wa shokapu ya nyuma nilifunga kamba nyembamba ya plastiki, inayosukumwa kila shokapu inapominywa na kubaki pale ilipofika. Imebaki milimita 38 kabla ya stopa kugusa. Stopa mpya bado zina unga wa dukani.

Gharama yote tangu Januari ni 5,069,000. Ukitoa 700,000 za jamaa wa Pongwe, 4,369,000. Ningepima kwanza na kununua mara moja, nimehesabu vitu vilevile: 3,509,000. Tofauti ni 860,000: mipira ile, hasara ya koili nzito, ufundi wa mara ya pili, presi moja, alaimenti moja na ule mrija.

Bado kuna mlio nyuma kushoto, "ti-ti", kwenye matuta madogo tu, na likiwa tupu tu. Mzee anasema bushi ya mkono wa mshazari, mimi nasema kikombe cha mfuko wa hewa. Bushi nimeshainunua, ipo kwenye droo ya gari. Jumanne tunafungua tujue nani atanunua kahawa.